Gunia Likiingia Chumbani, Panya Hufuata

Kati ya Juni na Agosti, nyumba za Kakonko, Kibondo na Kasulu hujaa. Maharage yameshapigwa na kupepetwa, mihogo imemenywa na kuanikwa hadi ikawa makopa, na mahindi yanatoka shamba kwa baiskeli, kwa bodaboda na kichwani. Familia nyingi katika nyanda hizi za Kigoma hazina ghala, na wenye kihenge uani huogopa kukitumia kwa kuwa mahindi yakilala nje huibwa. Basi magunia huingizwa ndani, yakasimamishwa ukutani katika chumba kilekile wanamolala watoto. Mwizi wa miguu miwili amezuiwa, lakini wa miguu minne amekaribishwa mezani.

Hasara yake si ya kupuuza. Panya mdogo wa nyumbani, yule anayepita chini ya mlango, hula kama gramu 3 za nafaka kwa siku. Panya mweusi wa darini hula kama gramu 15. Wakiwa kumi darini, idadi inayoweza kuishi juu ya vichwa vya watu bila wenyewe kuishtukia, watamaliza karibu kilo 55 kwa mwaka, zaidi ya nusu ya gunia la kilo 100. Hapo hayajahesabiwa yaliyomwagika baada ya gunia kutobolewa, wala yaliyokojolewa. Kwa nchi nzima, makadirio ambayo watafiti wa panya wamekuwa wakiyataja kwa miaka mingi ni kwamba Tanzania hupoteza karibu asilimia 15 ya mahindi yake kila mwaka kwa wanyama hawa.

Katika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, hesabu hiyo iliuma zaidi. Mtendeli iko wilaya ya Kakonko, ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya Kibondo. Januari 2016 kambi yake ilifunguliwa tena kupokea Warundi, kwa sababu kambi ya Nyarugusu ya Kasulu ilikuwa imefurika baada ya machafuko ya Burundi ya 2015. Watu walianza na mahema, baadaye zikaja nyumba za tofali za udongo. Chakula kiligawiwa kwa mzunguko wa siku 28, na hivyo akiba ya wiki nne nzima ilikaa sakafuni, ndani ya viroba, katika makazi yaliyobanana. Agosti 2017, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipungukiwa fedha na kushusha mgawo hadi asilimia 62 ya mahitaji. Mama aliyekuwa akipima unga kwa kikombe ili ufike siku ya 28 hakuwa na cha kumwachia panya. Kambi ilifungwa mwishoni mwa 2021 na waliobaki wakahamishiwa kambi ya Nduta, lakini hali iliyowalisha panya pale haikuwa ya kambi peke yake. Chakula kilicho chini, ndani ya mfuko laini, karibu na ukuta wenye nyufa: ndivyo ilivyo katika maelfu ya nyumba za wenyeji pia.

Mtu anayetaka kuwaondoa panya aanze kwa kujua anashindana na nani, maana wanaoitwa panya kwa jina moja wana tabia tofauti. Panya mdogo wa nyumbani hutambaa mita chache tu kutoka kwenye kiota chake, na tundu la milimita 6, ambalo penseli haipiti kwa urahisi, linamtosha akiwa mchanga. Ni mdadisi, kitu kipya kikiwekwa njiani huenda kukichungulia. Panya mweusi hukaa juu, kwenye kenchi na dari, na ana woga wa kitu chochote kigeni: mtego mpya anaweza kuukwepa kwa siku kadhaa. Wa tatu ni panya shamba, mwenye rangi ya kahawia na tumbo lenye rangi hafifu zaidi, ambaye jike lake huwa na chuchu nyingi kuliko karibu mnyama mwingine yeyote anyonyeshaye, hadi 24. Huyu ni wa mashambani, ila mazao yakivunwa na majani yakikauka huyafuata mahindi nyumbani.

Hizo chuchu zina kazi. Jike la panya shamba hubeba mimba kwa siku 23 hivi na huzaa watoto 11 kwa wastani. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, mjini Morogoro, ambako panya wa Tanzania wamechunguzwa kwa miongo kadhaa, watafiti wameona hekta moja ya shamba ikitoka kwenye makumi ya panya hadi mamia katika msimu mmoja. Mwaka 1996, Mbelgiji Herwig Leirs na wenzake wa Morogoro walieleza kinachosababisha mlipuko huo: mvua nyingi zikianza mapema, chakula hupatikana mapema, na panya wanaozaliwa huwahi kuzaa wao wenyewe ndani ya mwaka huohuo. Kwa maneno mengine, mwaka wa panya wengi hujulikana kabla haujafika. Mkulima anayesema "mwaka huu panya wamezidi" ana haki ya kulalamika, lakini mvua ilishampa taarifa miezi mingi nyuma.

Hata hivyo, wengi hushtuka panya wakiwa wameshazaana, na hapo mkono wa kwanza huenda kwenye sumu.

Katika gulio lolote la mkoa wa Kigoma, kama ilivyo Kariakoo, machinga mwenye kipaza sauti anapita akitangaza dawa ya panya, mende na kunguni. Pakiti ni ndogo na bei ni ndogo. Tatizo ni kwamba nyingine hazina lebo wala jina la kilichomo, wakati viuatilifu vyote nchini hupaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao Arusha. Mnunuzi hajui kama ameshika sumu ya panya au kiuatilifu cha shambani kilichofungwa upya.

Kati ya sumu zinazojulikana, ziko za aina mbili kuu, na ni vizuri kuelewa zinavyofanya kazi kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza fedha. Zinki fosfaidi ni unga mweusi wenye kijivu ambao, ukikutana na asidi ya tumboni, hutoa gesi ya fosfini na kuua kwa saa chache. Ni sumu ya haraka, na haraka hiyo ndiyo kasoro yake: panya aliyeonja kidogo akaumwa bila kufa hakisogelei tena chakula kile. Aina ya pili huzuia damu kuganda. Ya kwanza ya ukoo huo, warfarini, ilianza kutumika kuua panya mwishoni mwa miaka ya 1940, na wadogo zake wenye nguvu zaidi, bromadioloni na brodifakumu, ndio wanaouzwa leo kama vidonge vya rangi ya buluu au waridi. Panya akila leo hufa baada ya siku tatu hadi saba, kwa hiyo wenzake hawaoni uhusiano wa chakula na kifo, nao wanaendelea kula.

Kwa nyumba yenye watoto, hata hiyo ya pili ni hatari kubwa. Mtego wa panya, walisema wahenga, huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na hakuna mtego unaostahili usemi huo kuliko sumu iliyochanganywa na ugali na kuachwa uvunguni. Kuku huidonoa. Mtoto anayetambaa huiokota. Paka humla panya aliyelegea kwa sumu, akafa naye, na nyumba ikapoteza mlinzi wake wa usiku. Zinki fosfaidi haina dawa ya kuizima mwilini. Maziwa, ambayo wengi hukimbilia, siyo tiba yake, wala kumtapisha mtoto kwa nguvu. Anayeshukiwa kuila akimbizwe kituo cha afya, pamoja na pakiti yenyewe ili mganga ajue anapambana na nini. Sumu zinazozuia damu kuganda zinatibika kwa vitamini K, mradi mgonjwa afikishwe mapema na ijulikane alikula nini.

Na sumu ina aibu nyingine: panya hufia ndani ya ukuta au juu ya dari, na nyumba inanuka kwa wiki.

Mtego wa kawaida wa ubao na springi unafanya kazi nzuri kuliko unavyosifiwa, ila unataka akili kidogo. Panya hutembea wakiegemea ukuta, wakifuata njia ileile kila usiku, hadi ukuta unapata alama nyeusi za mafuta ya manyoya. Mtego uwekwe hapo, upande wenye chambo ukiugusa ukuta, si katikati ya chumba. Kwa panya wadogo, mitego iwe mingi na ikaribiane, mita mbili hadi tatu, kwa sababu hawaendi mbali. Kwa panya weusi, iachwe bila kutegwa kwa usiku kadhaa ikiwa na chambo, waizoee, kisha itegwe yote usiku mmoja. Watafiti wa Morogoro hutumia siagi ya karanga iliyochanganywa na pumba za mahindi. Kigoma ina chambo chake ambacho hakihitaji kuagizwa popote: kichwa cha dagaa mkavu wa Ziwa Tanganyika, kilichofungwa kwa uzi kwenye kibanio ili panya alazimike kukivuta.

Asiye na fedha ya mitego anaweza kutumia ndoo. Maji hadi nusu, waya umepita katikati ya gunzi au chupa ya plastiki na kulazwa juu ya mdomo wa ndoo, gunzi limepakwa karanga zilizosagwa, na kipande cha ubao cha kupandia. Panya akikanyaga gunzi, linazunguka naye anatumbukia. Ndoo moja inaweza kukamata zaidi ya mmoja kwa usiku, jambo ambalo mtego wa springi hauwezi. Iwekwe tu mahali ambapo mtoto mdogo hafiki, kwa sababu maji ya ndoo yamezamisha watoto pia.

Vipi kuhusu paka? Hapa kuna matokeo yanayofurahisha. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika kaya za wakulima wa Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini, ukipima ni chakula kiasi gani panya wanathubutu kula karibu na nyumba zenye paka, zenye mbwa, zenye wote wawili na zisizo na yeyote. Nyumba yenye paka peke yake haikuwa na nafuu ya kuonekana. Yenye mbwa peke yake vilevile. Ni pale tu walipokuwepo wote wawili ndipo panya waliposhindwa kula kwa utulivu. Paka anayelala jikoni peke yake, hasa akishibishwa ugali na dagaa, si jeshi.

Lakini mitego, sumu na paka vyote huja baada ya jambo kubwa zaidi, ambalo ni chakula chenyewe. Panya wana pua za ajabu. Shirika la APOPO, lililoko SUA tangu mwaka 2000, limetumia pua ya panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Buku mmoja aliyezaliwa Morogoro, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kutafuta mabomu Kambodia. Jamaa zake wa darini hawana mafunzo hayo, ila kiroba cha unga kilichofungwa kwa kamba hakiwafichi chochote.

Mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, ambao umesambaa sana kwa wakulima kwa ajili ya dumuzi na fukusi, unaua wadudu waliomo bila sumu yoyote. Kwa panya hautoshi. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo kutafuna si tamaa tu bali ni lazima, na plastiki haimsumbui. Tundu moja likitobolewa, hewa inaingia na faida ya mfuko dhidi ya wadudu nayo imekwisha. Kinachomshinda ni chuma na urefu. Kihenge cha bati chenye mfuniko unaobana, pipa safi ambalo halikuwahi kubeba kemikali, au hata debe la mafuta ya kula lililooshwa vizuri kwa ajili ya mbegu na karanga, vinafanya kazi ambayo gunia haliwezi.

Asiye na kihenge cha bati ana njia ya kati. Magunia yapandishwe juu ya kichanja, yasiegemee ukuta, na ibaki nafasi ya mtu kupita akiwa na fagio. Kihenge cha nje chenye miguu ya miti kivalishwe kila mguu koni ya bati, mdomo wake mpana ukitazama chini, kiasi cha mita moja kutoka ardhini, kwa sababu panya akipanda huikuta, hana pa kushika, hurudi. Miguu mitatu yenye koni na mmoja usio nayo ni sawa na kutokuwa na koni kabisa. Vilevile tawi la mwembe linaloning'inia juu ya kihenge, au ngazi iliyosahauliwa ikiegemea, huharibu kazi yote ya fundi bati. Nyufa za ukuta zizibwe kwa udongo uliochanganywa na saruji, na matundu madogo kwa waya wa kusugulia masufuria ulioshindiliwa kwanza, ndipo udongo ukafuata.

Jambo hili si la chakula tu. Julai 2022, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa umewatisha watu wa Ruangwa mkoani Lindi, wenye homa, kichwa kuuma na damu kutoka puani, ulikuwa homa ya mgunda. Wagonjwa 20 walikuwa wametajwa, watatu wakiwa wamefariki. Vimelea vyake hutoka katika mkojo wa wanyama, panya wakiwa mbele, na huingia mwilini kupitia mikwaruzo ya ngozi, macho, mdomo au maji machafu. Ugonjwa unatibika kwa dawa za kawaida za kuua bakteria. Shida ni kuutambua. Katika hospitali mbili za Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali mwaka 2007 na 2008 walichunguzwa kwa kina. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa wameandikiwa malaria, lakini malaria ilikuwa chanzo halisi kwa asilimia 1.6 tu. Kati ya waliopimwa homa ya mgunda, karibu asilimia 9 walikuwa nayo. Moshi si Kibondo, na huku malaria ni nyingi kweli. Hata hivyo, mgonjwa wa homa ambaye kipimo cha malaria kimeonyesha hana, na anayetoka kwenye nyumba yenye panya, amwambie mganga habari ya panya hao.

Lushoto, kwenye milima ya Usambara, walijifunza hayo kwa gharama kubwa zaidi. Kuanzia 1980, kwa zaidi ya miaka ishirini, tauni ilirudi na kurudi katika vijiji vya huko na kuwapata watu zaidi ya 7,000. Tauni huletwa na viroboto wa panya, na mahindi yaliyowekwa darini juu ya watu waliolala sakafuni yaliwakutanisha wote watatu. Kutoka huko limebaki fundisho ambalo wauza sumu hawalitangazi: penye tauni, viroboto hutangulizwa kuuawa, panya baadaye, kwa sababu panya akifa kiroboto wake huhama na kumtafuta binadamu. Panya wakionekana kufa wenyewe wengi kwa wakati mmoja, wasiguswe, na ofisi ya afya ijulishwe siku hiyohiyo.

Kwa nyumba ya kawaida, tahadhari ni nyepesi. Kinyesi cha panya kisifagiliwe kikavu, maana vumbi lake huvutwa puani. Kimwagiwe maji yenye jiki, kipimo kimoja kwa tisa, kiachwe dakika tano, kisha kifutwe kwa kitambaa, mikono ikiwa imevikwa glavu au hata mfuko wa plastiki. Panya aliyekufa azikwe au achomwe, asitupwe njiani.

Kasoro kubwa inayobaki ni upweke. Nyumba moja ikisafishwa, dari ya jirani huijaza tena ndani ya wiki chache. Mwanzoni mwa karne hii, na tena kati ya 2007 na 2010, watafiti waliofanya kazi na vijiji vya Bangladesh na baadaye vya Tanzania, Namibia na Swaziland walijaribu jambo rahisi: kijiji kizima kitege kila usiku, kwa wakati mmoja, kwa majuma mfululizo, badala ya kila mtu kutega siku aliyoudhika. Bangladesh, hasara ndani ya nyumba ilishuka kwa zaidi ya nusu. Mitego ilikuwa ileile ya kila siku.

Kwa Kakonko na Kasulu, wakati wa kufanya hivyo ni Septemba. Shamba ni tupu, majani yamekauka au kuchomwa, panya shamba wamekimbilia nyumbani, na mvua za mwishoni mwa Oktoba au Novemba hazijawapa chakula kipya cha kuzalia. Mkutano wa kitongoji unaweza kupanga wiki tatu: vijana wakate nyasi kuzunguka nyumba, mafundi wazungushie koni miguu ya vihenge, kila kaya itege mitego isiyopungua kumi, ikiazimana na jirani. Faida haiishii chumbani. Panya shamba hufukua mbegu za mahindi katika wiki mbili za kwanza baada ya kupandwa, na mkulima wa Mtendeli hulazimika kurudia kupanda mistari mizima kwa mbegu alizonunua mara ya pili. Panya walionaswa Septemba ndani ya nyumba ndio ambao wangekuwa shambani Novemba.